Shule ndogo ya kijijini, watahiniwa 12: ufaulu kushuka kutoka asilimia 83 hadi 50 kunatuambia nini?

#1 Mjumbe_wa_Kamati (mleta mada)

Salaam, wanajukwaa. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijijini yenye wanafunzi 74 na walimu watatu, kila mwalimu akibeba madarasa mawili katika chumba kimoja. Mwaka jana watahiniwa wetu wa darasa la sita walikuwa 12 na kati yao 10 walifaulu. Mwaka huu walikuwa 12 tena, wakafaulu sita. Katika jedwali la matokeo tumeandikiwa kwamba ufaulu umeshuka kwa asilimia 33, tumepakwa rangi nyekundu, na mkutano wa wazazi umeitishwa ili mwalimu mkuu ajieleze. Jedwali hilo hilo linaonyesha kwamba wanafunzi wanaotoka katika familia za kipato cha chini wameongezeka, na kwamba wale ambao lugha ya nyumbani kwao si lugha ya kufundishia wameongezeka pia.

Nimeombwa kuzungumza mbele ya wazazi wenzangu, na sitaki kusimama na kumtwika mtu lawama kwa jambo nisilolielewa. Je, yupo anayeweza kusema kwa haki kilichoshusha matokeo haya: ni walimu, ni watoto wenyewe, au ni hizo hali za familia zilizobadilika?

#2 Takwimu_Chache

Sahihisho dogo kwanza, kwa sababu litakusaidia mkutanoni. Kutoka 83 hadi 50 ni kupungua kwa pointi 33 za asilimia. Ukilinganisha na hali ya mwaka jana, ufaulu umepungua kwa asilimia 40. Waliotengeneza jedwali wamechanganya vipimo viwili.

La pili ni zito zaidi. Katika darasa la watoto 12, kila mtoto ana uzito wa pointi 8.3, kwa hiyo mnachokijadili ni watoto wanne. Tuchukulie kwamba uwezo halisi wa shule yenu ni kufaulisha asilimia 65 ya watahiniwa, na kwamba uwezo huo haukuguswa na chochote kati ya mwaka jana na mwaka huu. Hata hivyo matokeo yangepanda au kushuka kwa pointi 14 hivi kwa sababu tu kila mwaka huleta watoto wengine na siku nyingine ya mtihani, na 83 na 50 zote mbili ziko karibu na mipaka hiyo ya 79 na 51. Shule yenye watahiniwa 120 na uwezo ule ule ingetikisika kwa pointi nne tu. Ndiyo maana ukizipanga shule kwa matokeo, ndogo hujazana juu kabisa na chini kabisa. Howard Wainer na Harris Zwerling walilionyesha hilo kwa shule za jimbo la Pennsylvania, Marekani: kati ya shule 50 zilizofanya vizuri zaidi, sita zilikuwa miongoni mwa 50 ndogo kuliko zote, na kati ya 50 za mwisho, tisa zilitoka katika kundi hilo hilo la ndogo. Anayetazama kileleni peke yake atasema udogo ni dawa, na anayetazama mkiani peke yake atasema udogo ni ugonjwa.

Jibu langu, ndugu mjumbe, ni kwamba kwa takwimu za miaka miwili hakuna anayeweza kukuambia kilichotokea. Omba matokeo ya miaka sita, uyajumlishe mitatu mitatu.

#3 Chaki_Nyeupe

Nimefundisha shule ndogo kwa miaka 31, na ninakubaliana na hesabu ya #2, ila sikubali kwamba hesabu hiyo imalize mazungumzo. Kwa mtu anayeitazama shule kutoka mbali, watoto wanne ni bahati. Kwa mwalimu aliyesimama mbele yao, kila mmoja ana jina, na mara nyingi sababu yake inajulikana tangu muhula wa kwanza.

Niongeze kisa changu. Kuna mwaka mwenzangu alihamishwa katikati ya muhula, na nafasi yake ikakaa wazi hadi mwaka ukaisha. Katika shule kubwa pengo la namna hiyo humezwa na walimu wengine; kwetu lilikuwa theluthi ya shule nzima. Matokeo ya mwaka huo hayakutikisika. Yalikuja kutikisika baadaye sana, watoto waliokuwa wakijifunza kusoma wakati ule walipofika darasa la mtihani. Kwa hiyo, mjumbe, usiulize ni nani aliyewafundisha mwaka huu. Uliza ni nani aliyewafundisha darasa la kwanza.

#4 Nyumba_Kwanza

Nasikitika kuona machapisho mawili ya mwanzo yamelipita lile ambalo mleta mada mwenyewe amelitaja waziwazi, yaani hali za familia. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya nusu milioni nchini Marekani, na walichokuta ni kwamba tofauti za matokeo zilifuata zaidi asili ya nyumbani kwa mtoto na ya wenzake darasani kuliko majengo, vifaa au matumizi ya fedha ya shule. Ikiwa familia maskini zimeongezeka katika shule yenu na matokeo yameshuka, sioni kwa nini tulikwepe jibu lililo wazi. Kumwita mwalimu mkuu ajieleze kwa umaskini wa wazazi ni kumwonea.

#5 Mkaguzi_Mstaafu

Ahsante, #4, lakini Coleman alipima nchi moja tajiri, na matokeo yake hayapaswi kubebwa kila mahali kama yalivyo. Mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley walilinganisha nchi 29 na kukuta kwamba kadiri nchi ilivyokuwa na kipato kidogo, ndivyo ubora wa shule na wa walimu ulivyobeba sehemu kubwa zaidi ya tofauti za matokeo, na asili ya familia sehemu ndogo zaidi. Wapo waliopinga hesabu zao baadaye, lakini hoja haijafa.

Kuna jambo jingine ambalo ukaguzi ulinifunza. Kabla ya kuuliza umaskini umefanya nini, uliza umehesabiwaje. Marekani kwa muda mrefu walitumia idadi ya watoto wanaostahili mlo wa shule wa bure au wa bei nafuu kama kipimo cha umaskini. Kisha sheria ya mwaka 2010 ikaziruhusu shule za maeneo yenye umaskini mwingi kuwalisha wanafunzi wote bure bila kukusanya fomu za kila familia, jambo jema kabisa kwa watoto, lakini kwa msomaji wa jedwali kipimo kiliharibika, kwa sababu shule inaweza kuonekana imejaa maskini kwa mwaka mmoja ilhali hakuna familia iliyohama wala kufilisika. Ndugu mjumbe, hao wa kipato cha chini wameongezeka kutoka wangapi hadi wangapi, na ni nani aliyewaandika?

#6 Mjumbe_wa_Kamati

Nashukuru sana. Nimeuliza ofisini. Katika darasa la mtihani wamepanda kutoka wanne hadi saba, lakini fomu ya mwaka jana ilijazwa na mwalimu kwa kukisia na ya mwaka huu imejazwa na wazazi wenyewe.

#7 Mkaguzi_Mstaafu

Basi hujui kama wameongezeka.

#8 Darasa_Dogo

Naomba kuchangia kwa kutetea udogo. Kati ya mwaka 1985 na 1989 jimbo la Tennessee, Marekani, lilifanya jaribio la kweli, ambamo watoto waligawanywa kwa kura kuingia madarasa ya watoto 13 hadi 17 au madarasa ya kawaida ya 22 hadi 25, tangu chekechea hadi darasa la tatu. Waliokuwa katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto weusi na wa familia maskini. Shule yenye watoto 12 darasani ina hazina mkononi. Ikiwa imeshindwa kuitumia, swali linamrudia mwalimu, hata kama Chaki_Nyeupe hapendi kulisikia.

#9 Takwimu_Chache

Naliheshimu sana jaribio hilo, na ndiyo sababu naomba lisitumike mahali ambapo halikufika. Ili shule ishiriki ilihitaji angalau watoto 57 katika daraja moja, watoshe darasa moja dogo na mawili ya kawaida. Shule ya mjumbe ina watoto 74 kwa madarasa yote sita. Shule kama yake ziliachwa nje ya jaribio tangu mlangoni.

#10 Chaki_Nyeupe

#8, nimelisikia na wala sikukasirika. Ila tazama tena maelezo ya mada: watoto 12 wa darasa la sita hawako peke yao chumbani, wako pamoja na darasa la tano. Mwalimu akiwafundisha hawa sehemu, wale wanaandika. Akigeukia wale, hawa wanasubiri. Idadi iliyoko chumbani si 12, na muda wa mwalimu kwa kila daraja ni nusu. Darasa dogo na shule ndogo ni vitu viwili tofauti, na wanaotunga sera huvichanganya kila siku.

#11 Kitabu_Mkononi

Hapo kwenye madaraja mawili chumba kimoja nina la kusema, kwa sababu watu wengi hulichukulia kama msiba. Nchini Kolombia, kuanzia mwaka 1975, Vicky Colbert na wenzake walijenga mfumo wa Escuela Nueva kwa ajili ya shule za namna hiyo hiyo za vijijini. Mtoto hufuata miongozo ya kujisomea kwa kasi yake, hufanya kazi na wenzake wa umri tofauti, na hupanda daraja anapokuwa tayari badala ya kukaririshwa darasa kwa mwaka mzima. Katika upimaji wa UNESCO wa Amerika ya Kusini mwaka 1997, ukiacha majiji makubwa, shule za vijijini za Kolombia ziliwashinda wenzao wa mijini, jambo ambalo ni nadra kulikuta popote. Kuchanganya madaraja si ulemavu ikiwa vitabu na mafunzo ya mwalimu vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Kunakuwa ulemavu pale mwalimu anapopewa silabasi mbili za shule kubwa na kuambiwa azimalize zote.

#12 Lugha_ya_Nyumbani

Ninaona lugha imesahauliwa, nami nimekuwa mtoto wa namna hiyo. Nilikuwa najua kugawanya na kuzidisha kuliko wengi darasani, lakini swali lililoanza na maelezo ya mistari mitatu lilinishinda kabla sijafika kwenye namba. Nilipewa alama ya hesabu kwa kosa la lugha.

Lakini nataka kuonya pia kuhusu namna wastani unavyodanganya kundi linapobadilika. Chukueni mfano wa kubuni. Mwaka wa kwanza kuna watoto wanane wanaozungumza lugha ya kufundishia nyumbani, wastani wao 70, na wawili wasioizungumza, wastani wao 40. Darasa zima linapata 64. Mwaka wa pili kila kundi lina watoto watano. Wale wa kwanza wamepanda hadi 73, wale wa pili wamepanda hadi 46, na darasa zima linapata 59.5. Makundi yote mawili yamepanda, shule imeshuka. Mwalimu aliyewainua watoto wote ataitwa mbele ya wazazi ajieleze. Kwa hiyo, mjumbe, naomba uangalie kila kundi peke yake kabla ya kuingia mkutanoni.

#13 Takwimu_Chache

Mfano wako ni safi, dada, na hesabu nimeirudia, iko sawa. Tahadhari moja tu: ukigawanya watoto 12 katika makundi utapata vikundi vya watatu na wanne, na bahati niliyoitaja juu inazidi kuwa kubwa. Tena kuna suala la siri. Kikundi cha watoto wawili kikisomwa matokeo hadharani, kila mzazi atajua ni nani aliyefeli. Ndiyo maana taasisi nyingi za takwimu huficha namba za vikundi vidogo, na zikificha kimoja hulazimika kuficha na cha pili, la sivyo mtu atatoa kwenye jumla na kupata kilichofichwa. Mjumbe, angalia kwa makundi, lakini usisome kwa makundi.

#14 Njia_Ndefu

Nimesoma tangu juu na sijaona mtu aliyeuliza mtoto anafikaje shuleni. Shule ndogo ya kijijini kwa kawaida huhudumia eneo kubwa lenye nyumba chache. Mimi nilikuwa natembea saa moja na nusu kwenda na muda huo huo kurudi, na mvua ikikaza kivuko kilijaa maji, basi upande wetu wote tulibaki nyumbani. Hatukuwa watoro. Daftari la mahudhurio liliandika utoro. Wiki tatu za namna hiyo kabla ya mtihani zinatosha kabisa kuwaangusha watoto wanne, na wote watakuwa wa upande mmoja wa mto. Umaskini wa fomu, lugha ya nyumbani na umbali mara nyingi hukaa katika nyumba moja, kwa hiyo sijui mnavyotaka kuvitenganisha mkiwa na watoto 12.

#15 Nyumba_Kwanza

#14 amenikumbusha jambo linaloigusa hata hesabu ya Takwimu_Chache. Yeye anahesabu kana kwamba watoto 12 ni kura 12 zinazojitegemea. Katika kijiji kidogo hawajitegemei: kuna pacha, kuna binamu, kuna watoto watatu wanaolala chini ya paa moja. Kaya moja ikiugua, ikihama au ikifiwa, robo ya darasa inaondoka nayo. Huenda mnazo kaya saba tu nyuma ya watoto hao 12.

#16 Takwimu_Chache

Hilo ni kweli, nami nilipaswa kulitaja. Linafanya mtikisiko uwe mkubwa kuliko zile pointi 14, si mdogo.

#17 Mkaguzi_Mstaafu

Nina swali ambalo halitampendeza kila mtu, na sisemi kwamba ndilo lililotokea. Mwaka jana ni watoto wangapi wa darasa la tano walioambiwa wakariri? Katika kazi yangu nimekutana na shule, sitaitaja, iliyowazuia watoto dhaifu wasifike darasa la mtihani ili ufaulu upendeze. Mwaka huo ulipendeza kweli. Mwaka uliofuata watoto wale wale walifika na deni lao, na kilichoonekana kuwa anguko kilikuwa ni kilele cha uongo kikirudi chini. Huwezi kuueleza mwaka wa 50 bila kuueleza mwaka wa 83.

#18 Darasa_Dogo

Na hata bila udanganyifu wowote, mwaka mzuri kupita kiasi hufuatwa kwa kawaida na mwaka wa wastani zaidi, kama Francis Galton alivyoeleza katika karne ya 19 alipolinganisha urefu wa wazazi na watoto wao. Ndiyo maana shule inayobadilishiwa mkuu baada ya mwaka mbaya mara nyingi huonekana imepona, na mkuu mpya hupewa sifa ambazo pengine si zake. Hapa nakiri kwamba nilimrudishia mwalimu swali mapema mno.

#19 Chaki_Nyeupe

Ahsante kwa hilo, #18. Nimeliweka kwenye daftari langu la mafanikio ya mwaka.

Kwa Mkaguzi: kukaririsha hakuanzi kwa walimu peke yao. Mara nyingi agizo hushuka kutoka juu, bila karatasi.

#20 Mjumbe_wa_Kamati

Wanajukwaa, siku tatu zimepita na nimefanya mlichoniagiza. Mwalimu mkuu alinipa rejista bila kusita, akakaa nami mchana mzima. Haya ndiyo tuliyoyaona kuhusu watahiniwa 12 wa mwaka huu.

Watano walihamia kwetu baada ya darasa la tatu, karibu wote ni wa lugha nyingine nyumbani, na ndio niliodhani wameshusha shule. Kati yao watatu wamefaulu. Saba wako nasi tangu darasa la kwanza, na kati yao wamefaulu watatu tu. Kati ya wanne wetu wa zamani walioshindwa, wawili walikariri darasa la tano mwaka jana, na watatu wanatoka upande ule wa daraja la mtoni, wawili kati ya hao watatu wakiwa ni pacha. Watahiniwa wa mwaka jana walikuwa nasi tangu mwanzo isipokuwa mmoja. Nimelala nikiwaza kwamba ningesimama mkutanoni na kuwalaumu wageni.

#21 Lugha_ya_Nyumbani

Ahsante kwa kusema hivyo, ndugu. Wapo wazazi watakaokaa katika mkutano huo wakiwa wameinamisha vichwa kabla mtu hajafungua mdomo.

#22 Takwimu_Chache

Kazi nzuri sana. Lakini tusijenge nyumba nyingine juu ya mchanga ule ule. Watatu kati ya watano na watatu kati ya saba ni asilimia 60 na 43. Mgeni mmoja angekosea swali moja zaidi, ingekuwa 40 na 43, na hadithi ya wageni wanaowashinda wenyeji ingetoweka. Namba hizi zinatosha kuvunja lawama. Hazitoshi kuanzisha nyingine.

#23 Njia_Ndefu

Watatu kutoka upande wa daraja. Naomba uangalie mahudhurio yao ya miezi miwili ya mwisho.

#24 Mkaguzi_Mstaafu

Na waliokariri, ni nani aliyeamua, na kwa maandishi gani?

#25 Chaki_Nyeupe

Mimi narudi pale nilipoanzia. Miaka mitano iliyopita watano kati ya saba hao walikuwa darasa la kwanza na wale wawili waliokariri walikuwa la pili, na wageni hawakuwapo. Ikiwa kuna kitu kilikosekana mwaka ule, kiliwakosa saba hao peke yao. Darasa la kwanza lilikuwa na mwalimu?

#26 Mjumbe_wa_Kamati

Mwalimu, nilimuuliza mkuu swali hilo. Yeye alikuja shuleni mwaka mmoja baadaye na hakumbuki kuambiwa. Wazazi wawili wameniambia kwamba kulikuwa na mihula miwili ambayo mwalimu wa darasa la kwanza hakuwapo, mwingine anasema ulikuwa mmoja. Daftari la zamu la mwaka ule limo kabatini, chini ya mitihani ya zamani. Tumekubaliana kulifungua Jumamosi asubuhi, kabla wazazi hawajafika, pamoja na mahudhurio ya upande wa daraja aliyoyaomba Njia_Ndefu.